Zana Hufuata Lengo: Vifaa vya Mazoezi kwa Anayeishi Chumba Kimoja

Kwenye darasa la mbinu za kufundishia, mhadhiri wetu ana swali moja analomuuliza kila anayesimama mbele na chati yake ya manila: "Mwalimu, hiyo ni ya kufanyia nini?" Ukijibu kwamba ni zana ya kufundishia, anatikisa kichwa. Anataka umwambie mwanafunzi ataweza kufanya nini baada ya kuiona, ambacho asingeweza bila hiyo chati. Ukishindwa kujibu, anakwambia uikunje, ukakae.

Mwaka jana bumu lilipoingia nilinunua mashine ya tumbo kwa shilingi 75,000. Ilikuwa imepangwa kando ya barabara, ina kiti cha plastiki, springi mbili na mpini wa rangi nyekundu. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza ni ya kufanyia nini. Niliitumia siku sita. Siku ya saba nikaanikia taulo, na hadi leo hiyo ndiyo kazi yake. Kwa hesabu yangu ya kula wakati ule, nilikuwa nimeuza chakula cha siku kumi na mbili. Mwisho wa muhula nilikula kwa huruma ya mwenzangu wa chumbani, na yeye mwenyewe hakuwa na ziada.

Naandika haya kwa sababu bumu linakaribia tena, na nawasikia wenzangu wakipanga kununua vifaa vya mazoezi. Wazo ni zuri. Jimu ina ada ya kila mwezi, ina nauli, na kwa sisi dada zenu ina pia suala la kurudi geto usiku na suala la macho ya watu. Kufanyia mazoezi nyumbani kunaondoa yote hayo. Lakini ukikosea kununua, hela haitarudi, na mazoezi yenyewe utayachukia. Kwa hiyo tufanye kama tunavyofundishwa kufanya darasani: tuanze na lengo, kisha zoezi, na kifaa kije mwisho.

LENGO: UNAKOSA NINI HASA?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali. Halafu linaongeza jambo ambalo wengi hatulisikii: angalau siku mbili kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa ya mwili.

Sasa jipime. Mimi kutoka geto hadi ukumbi wa mihadhara ni dakika 25 kwa mguu, tena kwa mwendo wa anayechelewa. Kwenda na kurudi ni 50, na kwa siku tano ni dakika 250. Yaani ile sehemu ya kwanza ya mwongozo naimaliza bila kununua kitu, labda ndala. Mwanafunzi anayetembea namna hii hana sababu ya kuwaza mashine ya kukimbilia wala baiskeli isiyokwenda popote. Anachokosa ni ile sehemu ya pili, nguvu.

Nililijua hilo nikiwa BTP. Vipindi vitatu mfululizo nimesimama, madaftari sitini na mbili ya kubeba kutoka darasani hadi ofisini, kisha kuinama kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Wiki ya pili mgongo ukaanza kuniuma kila jioni. Nina miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nakaa kitini kwa kujishika kiuno kama bibi yangu. Mwalimu mwenyeji wangu aliniangalia akasema, "Mwanangu, hii kazi ni ya miaka thelathini na ushee. Mwili unaouanza nao ndio huo huo utakaostaafu nao." Basi hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mhadhiri. Vifaa ni vya kufanya nisimame na kuinama na kubeba bila kuumia.

ZOEZI: KAZI TANO ZA MWILI

Majina ya mazoezi ni mengi mno, lakini ukiyapanga yanaangukia kwenye kazi chache. Kwa matumizi yetu tano zinatosha.

Ya kwanza ni kusukuma: pushapu, au kuinua kitu juu ya kichwa. Ya pili ni kuvuta: kujivuta kwenye bomba, au kuvuta kitu kuelekea kifuani. Ya tatu ni kuchuchumaa na kusimama. Ya nne ni kuinama kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, na kuinua kitu kutoka chini. Ya tano ni kubeba kitu kizito na kutembea nacho huku kiwiliwili hakiyumbi.

Hizi kazi unazijua tangu utotoni. Kuchuchumaa ulikuwa unakufanya kwa jina la kichurachura, tena kama adhabu. Kubeba ulikuwa unakufanya na ndoo ya maji. Tofauti ni kwamba sasa utazipanga, utazihesabu na utaziongezea uzito kidogo kidogo.

SAKAFU INATOA NINI BURE?

Kabla ya kwenda dukani, uliza kwanza sakafu yako inaweza kukupa nini. Nafasi inayohitajika ni ndogo: ulale chali unyooshe mikono juu ya kichwa, kisha uitanue pembeni. Kama hugusi kitanda wala jiko la gesi, chumba chako kinafaa. Tandika mkeka usioteleza. Godoro la sponji halifai, maana kiganja kinazama na kifundo cha mkono kinapinda.

Kusukuma kunapatikana sakafuni. Kwenye pushapu ya kawaida mikono yako inabeba karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anasukuma kama kilo 40. Ukipiga magoti mzigo unashuka kuelekea nusu ya uzito wako. Ukiweka mikono ukutani au ukingoni mwa kitanda unashuka zaidi, na ukiweka miguu juu ya kitanda unapanda. Yaani tayari una ngazi nzima ya mizigo bila kununua chuma.

Kuchuchumaa nako kunapatikana. Anza kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti, kisha bila kiti, kisha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma.

Kuvuta ndiko ambako sakafu haitoi. Huwezi kuivuta ikaja, na ukuta hauna pa kushika. Vijana wengi wanaoanza mazoezi chumbani wanapiga pushapu kila siku hawavuti chochote, na baada ya miezi kadhaa kifua kimekaza huku mgongo wa juu uko vilevile. Kwa mwanafunzi anayeshinda ameinamia simu na kompyuta mpakato, mgongo wa juu ndio uliotakiwa kutangulia.

Kwa hiyo hoja yangu kuu ndiyo hii: shilingi yako ya kwanza iende kwenye kuvuta. Ya pili iende kwenye uzito unaoweza kuongezeka. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

MASWALI MANNE KABLA YA KULIPA

Siku hizi kabla sijatoa hela nakiuliza kifaa maswali manne. Ile mashine ya tumbo ingefeli matatu.

Moja: kinanipa kazi ambayo sakafu hainipi? Kukunja tumbo naweza kukufanya mkekani. Halafu kuna jambo la kukumbuka: kulichosha tumbo hakuufanyi mwili uchome mafuta ya tumboni peke yake. Mwili haupokei maelekezo ya namna hiyo.

Mbili: kinaweza kuongezeka? Hili lina historia yake. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa anatibu askari walioumia magoti katika hospitali moja ya jeshi huko Chicago. Badala ya kuwapa mizigo midogo na marudio yasiyo na mwisho, aliwapa mizigo mizito kiasi cha kuwezekana mara kumi tu, na kila misuli ilipopata nguvu akaongeza. Baadaye mpango wake ukatulia kwenye seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ule, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili. Hata leo "seti tatu za kumi" inasikika kwenye kila jimu. Ukiutazama mpango huo utaona kwamba kifaa chenye uzito mmoja usiobadilika kitakutosha kwa wiki chache tu. Mwanzoni kitakushinda, baadaye utakishinda.

Tatu: kinahama? Sisi tunahama kila mwaka, wengine kila muhula. Kifaa kisichoingia kwenye bajaji pamoja na godoro na ndoo zako utakiuza kwa bei ya vyuma chakavu.

Nne: kikiharibika, kinaharibika vipi? Begi likichanika, vitu vinamwagika chini yanaisha. Bomba likichomoka, unadondokea mgongo. Ubora wa kifaa utegemee hatari yake. Okoa hela kwenye begi, lakini usiokoe kwenye bomba.

VIFAA, KWA MPANGILIO WA KUNUNUA

1. Begi la mgongoni na karatasi. Hiki unacho tayari. Rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80, zenye kurasa 500, ina uzito wa karibu kilo 2.5. Huhitaji rimu mpya. Niliomba makaratasi yaliyoharibika kwenye duka la kutolea kopi, nikayafunga kwa kamba mafungu ya kilo mbili na nusu. Mafungu mawili ni kilo 5, manne ni kilo 10, sita ni kilo 15. Ukilivaa begi mgongoni kuchuchumaa kunakuwa kuzito. Ukilishika kwa mikono miwili mbele ya mapaja unafanya kuinama na kuinua. Ukiinama na kulivuta kuelekea tumboni kwa mkono mmoja, mwingine umeegemea kitanda, hapo umeanza kuvuta. Angalia tu mishono ya mikanda. Ikiwa imeachia, mpe fundi cherehani kwanza.

2. Dumu. Maji ni hesabu rahisi: lita moja ni kilo moja. Dumu mbili za lita 10 zilizojaa ni kilo 20, na kutembea nazo uani mara nne kunatosha kukuonyesha misuli ya kiuno iko wapi. Ukitaka dumu dogo liwe zito, weka mchanga mkavu. Dumu la lita 5 la mchanga linafika kilo 7 hadi 8, badala ya 5 za maji. Lijaze hadi juu. Dumu la maji lililo nusu linacheza cheza, na mtu anayeanza anaweza kuteguka.

3. Mpira. Dukani kuna mipira mirefu ya mazoezi, na ukiwa na uwezo nunua. Mimi nilianza na tyubu za baiskeli zilizotumika, mbili kwa shilingi 2,000 kwa fundi baiskeli. Nilikata sehemu yenye valvu nikaitupa, nikabaki na utepe mrefu. Mpira una tabia yake: kadiri unavyouvuta ndivyo unavyokuwa mgumu, kwa hiyo zoezi ni jepesi mwanzo na gumu mwisho. Na uzito wake unaongezeka kwa kuukunja mara mbili au kusogea mbali. Funga fundo kubwa, lipitishe upande wa pili wa mlango, funga mlango, kisha vuta. Ila simama upande ambao ukiuvuta mlango unazidi kujifunga. Ukisimama upande wa pili, mlango utakufuata usoni. Kila mara kabla ya kuanza uchunguze mpira. Ukiona nyufa ndogo ndogo, tupa. Jua linaumaliza mpira haraka, usiuache dirishani.

4. Bomba la kujivuta. Hapa ndipo nilipotoa hela nyingi kuliko kwingine, na sijuti. Kuna mabomba ya kubana katikati ya fremu ya mlango, lakini yanategemea fremu imara, na fremu za vyumba vyetu vingi zimeshikiliwa na misumari miwili na dua. Usijining'inize pia kwenye kenchi za paa la nyumba ya kupanga. Hujui zilipigiliwa vipi, na paa si lako. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea.

"Dada, hili bomba la nini?"

"La kujivuta, fundi."

"Wewe ndiye utajivuta?"

"Ndiyo, mimi."

Akanitazama, akaenda nyuma akarudi na bomba jingine. "Basi lile la kwanza jembamba, litapinda. Una kilo ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Mimi nakupimia mia na ishirini. Mtu akijirusha, uzito unaongezeka."

Lilikuwa bomba la chuma la inchi moja, ambalo kwa nje linafika karibu milimita 33. Kwa mkono wangu ndio unene wa mwisho, kidole gumba kinazunguka na kugusa cha shahada. Alichomelea nguzo mbili, tukazizika futi mbili na nusu uani na kumwaga zege. Alipomaliza alirudi wiki iliyofuata, akaning'inia yeye na msaidizi wake kwa pamoja, ndipo akanikabidhi. Nguzo hazihami, hilo nakubali. Lakini wapangaji watatu tulichangia, na kila mmoja alitoa shilingi 18,000.

Muhimu kuliko yote, omba ruhusa. Mama mwenye nyumba wetu alisikiliza maelezo yote, kisha akasema, "Sawa, mwanangu, ila Jumamosi hilo chuma ni la kuanikia mazulia yangu." Tulikubaliana.

Ukishindwa kujivuta, usifadhaike. Nami nilishindwa. Anza kwa kuning'inia tu sekunde kumi, kisha ishirini. Halafu panda kwenye stuli hadi kidevu kiwe juu ya bomba, na ushuke taratibu ukihesabu hadi tano. Kushuka huko kunajenga nguvu ile ile ya kupanda. Mimi nilipata la kwanza kamili baada ya miezi minne, na nilipiga kelele hadi jirani akatoka na sufuria mkononi.

5. Vyuma vya kubadilisha uzito. Hivi vije mwisho, ukiwa umefanya mazoezi miezi mitatu bila kukatisha na begi limeanza kuwa jepesi. Tafuta dambeli ambazo sahani zake zinachomolewa na kuongezwa. Zikiwa za mtumba, jua kwamba kuna vipimo viwili vikuu vya tundu. Fimbo kubwa za mashindano zina ncha za milimita 50, za wanaume ni kilo 20 na za wanawake kilo 15. Vyuma vya nyumbani kwa kawaida vina tundu la karibu nusu ya hapo. Sahani ya tundu kubwa kwenye fimbo nyembamba itacheza. Nenda na fimbo yako dukani, au pima kwa rula. Na uzito ulioandikwa usiuamini moja kwa moja. Muuza vyuma chakavu ana mzani wa kuning'iniza. Muombe kwa heshima, atakupimia.

6. Kamba ya kuruka. Ni nzuri kama hutembei sana, au mvua zimekufungia ndani. Ikanyage katikati, ncha zake zifike kwapani. Kwa shilingi 3,000 si hasara, lakini usidhani umenunua nguvu. Umenunua pumzi.

Mikanda ya kutoa jasho iache. Jasho ni maji, na uzito uliopotea unarudi ukinywa chupa mbili.

KUHUSU ZEGE

Najua wengi mnawaza vyuma vya kujitengenezea vya zege, na vinatengenezeka. Zege lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa linatoa kilo 9 na nusu hivi. Mawili kwenye ncha za bomba ni kilo 19, ukiacha bomba lenyewe. Kwa bei ya saruji kidogo hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini sikiliza kilichotupata. Jirani yetu mmoja alitengeneza jozi kwa mpini wa mti, mpini wa jembe aliokuwa ameukata. Zege lilipokauka lilionekana limeshika vizuri. Ila mti hunywa maji ya zege na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, na kunabaki uwazi usiouona. Wiki ya tatu aliinua juu ya kichwa, kopo moja likachomoka. Bahati yake lilipita pembeni ya bega, likaangukia mguu. Vidole viwili vilivunjika. Mtihani wa mwisho wa muhula aliufanya mguu ukiwa kwenye plasta, umeegeshwa kwenye kiti cha pili, na mmoja ulimshinda kwa maumivu.

Kwa hiyo ukitaka zege, fuata haya. Mpini uwe bomba la chuma. Kila ncha ichomelewe vipande vifupi vya nondo vilivyokaa kama msalaba, ili zege living'ang'anie. Miminia upande mmoja, uache ushike, ndipo ugeuze umimine wa pili. Mwagilia maji kila siku kwa wiki nzima. Usilitumie mapema: nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28, kwa hiyo lipe mwezi. Na hata hapo, lisipite juu ya kichwa chako. Litumie kwa kuinama, kuvuta na kubeba, ambapo likichomoka linaangukia ardhini.

KIPINDI CHENYEWE

Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa mfano. Dakika tano za kupasha mwili joto. Kisha zoezi moja kwa kila kazi: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa, kuinama na kuinua, kubeba. Seti mbili au tatu kila moja, marudio nane hadi kumi na mbili. Pumzika dakika moja na nusu kati ya seti. Yote hayo yanaisha ndani ya dakika arobaini, yaani kipindi kimoja cha shule.

Weka daftari. Andika tarehe, uzito na marudio. Ukifika kumi na mbili kwa seti zote bila kuharibu umbo, kipindi kijacho ongeza fungu moja la karatasi. Ukiona umeandika namba ile ile kwa mwezi mzima, unajua zana yako imefika mwisho au wewe umezembea, na ni wewe tu unayejua ni lipi. Ukisikia maumivu makali ya kuchoma kwenye goti, bega au mgongo, simama. Uchovu wa misuli na maumivu ya kiungo ni vitu viwili tofauti. Mwenye presha, pumu au jeraha la zamani apite kwanza zahanati ya chuo, aulize.

Hesabu yangu hadi sasa: begi nililokuwa nalo, karatasi za bure, dumu za jikoni, tyubu 2,000, kamba 3,000, mchango wa bomba 18,000. Jumla ni shilingi 23,000, chini ya theluthi moja ya ile mashine. Mafungu ya karatasi kwenye begi yamefika saba. Julai nakwenda BTP ya pili, na nimeomba shule ile ile. Nataka kuona yale madaftari sitini na mbili yatanifanya nini safari hii.

Mashine ya tumbo bado ipo. Anayeitaka aje, ila aje na jibu la swali la mhadhiri.